Mgonjwa wa figo asinyimwe sombe

Mulongo, kando ya mto Lualaba, chakula cha kila siku ni bukari na sombe, lengalenga, matembele, maharagi, na samaki kwa aliyebahatika kumpata. Mtu akiambiwa figo zake zimechoka, onyo analosikia mapema ni kuacha majani na maharagi kwa sababu yana potasiamu. Onyo hilo lina sababu, ila likifuatwa bila kupima damu linaweza kumwondolea chakula kinachoulinda moyo wake.

Na moyo ndio wa kuhofiwa zaidi. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kabla hawajafikia kuhitaji mashine ya kusafisha damu. Figo dhaifu huacha chumvi na maji mwilini, presha ikapanda. Fosforasi nayo hurundikana, na kalisiamu huganda kwenye kuta za mishipa. Ugonjwa sugu wa figo si wa Ulaya tu: Kinshasa, utafiti wa Ernest Sumaili na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliukuta kwa asilimia 12 hivi ya wakazi waliopimwa.

Maharagi yana fosforasi nyingi, lakini imefungwa ndani ya kemikali iitwayo fitati, na utumbo wetu hauwezi kuifungua vizuri. Sehemu kubwa hutoka na choo. Ile inayotiwa viwandani kwenye nyama za kopo na soda nyeusi huingia damuni karibu yote. Nyuzinyuzi za majani hulisha bakteria wema wa utumbo na kupunguza sumu ambazo figo zingelazimika kuzitoa. Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya tiba ya figo, unashauri vyakula vya mimea vizidi vya wanyama, na chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku.

Kwa hiyo mimi ningeanza kwa kukagua kinachotiwa chunguni: samaki wa chumvi, vidonge vya supu, bikarbonati ya kulainishia sombe. Vyote vina sodiamu. Chumvi ya majivu, ambayo wengine huiona salama kwa kuwa ni ya asili, imejaa potasiamu.

Mama mpishi, ikiwa vipimo vya mgonjwa wako vimeonyesha potasiamu imepanda, chemsha majani kwa maji mengi, mwaga maji hayo, ndipo uunge. Viazi na mihogo vikatwe vidogo kwanza. Mchuzi wa maharagi asiunywe.