Gari Kuukuu Chini ya Mwembe

Ndugu msomaji, ukipita katika viunga vya Bujumbura hutakosa kuona motokaa ndogo iliyosahauliwa uani. Magurudumu yake yamelala, kuku hutaga chini yake, na watoto wameigeuza kuwa basi la michezo yao. Ukimwuliza mwenye nyumba, atakujibu kwamba gari hilo lilikwisha kufa zamani. Pengine husema kweli. Lakini mara nyingi gari la namna hiyo lingali na uhai, na mafundi wa kulirudisha barabarani wapo. Jambo linalotakiwa ni kufuata utaratibu, kwa maana atakayeukiuka aweza kulipa kwa kitu chenye thamani kuliko fedha.

Katika miaka ya 2022, 2023 na 2024 wakazi wa mji huu walizijua vema foleni za petroli. Magari yalipangwa tangu usiku, na wenye magari wengine walilala humo humo wakingojea zamu zao. Nchi isiyo na bahari wala visima vya mafuta hununua kila lita kwa fedha za kigeni, na sehemu kubwa ya shehena hutokea bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori. Fedha hizo zilipopungua, petroli nayo iliadimika. Mabasi yalipokosa mafuta, wafanyakazi walitembea kwa miguu.

Miongoni mwao alikuwamo shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi, hufanya kazi mjini, na hukaa Kabezi, kando ya barabara iendayo Rumonge. Kwenda na kurudi ni yapata kilomita 40. Ili afike kazini kabla ya zamu kubadilishwa, ilimpasa kuondoka nyumbani saa tisa za usiku, akitembea na kuomba msaada wa wenye malori. Ilhali uani kwake, chini ya mwembe, lilikuwapo gari la marehemu mumewe, Toyota Starlet, ambalo halikuwashwa tangu alipofariki mwaka 2018. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kulijia mara mbili. Mara ya tatu, mwaka 2024, shemeji alinipelekea habari: "Shemeji, njoo tuamue. Ama liende, ama litembee."

Gari lililozaliwa mwaka wa dhiki

Yafaa msomaji alijue gari lenyewe. Starlet ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1973, mwaka ule ule ambao ulimwengu ulipatwa na msukosuko wa mafuta. Kabla ya Oktoba 1973 pipa moja liliuzwa kwa dola 3 hivi, na kufikia Januari 1974 bei ilikuwa imekaribia dola 12. Watu wengi waliokuwa wakizibeza motokaa ndogo walianza kuzitafuta. Starlet iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1999, ndipo Vitz ikashika mahali pake.

Lile la marehemu ni la kizazi kilichotolewa kati ya mwaka 1989 na 1995. Injini yake ina silinda 4 na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,295, na hulishwa petroli kwa kabureta. Uzito wake haufiki kilo 900. Wepesi huo ndio siri ya uchache wa ulaji wake, kwani injini haina mzigo mkubwa wa kukokota.

Ndani ya kisanduku cha mbele tulikuta daftari dogo. Kaka yangu aliandika humo kila mara alipojaza tangi: tarehe, lita, na kilomita alizokwenda. Shemeji alilitazama, akalifunga, akanipa bila kusema neno. Wakati huo sikutambua kwamba ndilo lingekuwa kipimo chetu cha haki.

Ufunguo usiguswe kwanza

Nilikwenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao sifa ya mafundi wake wa magari imeenea, nikamwomba mzee mmoja aje Kabezi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa tayari amekwisha azima betri. Mzee akamwambia airudishe. Gari lililolala miaka 6, alisema, halipigwi stata siku ya kwanza. Kazi alizozitanguliza ni hizi:

Kwanza, petroli ya zamani ilimwagwa yote. Petroli iliyokaa hubadilika, harufu yake huwa kama ya rangi ya mbao, na huacha utando wa gundi unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Tangi lilioshwa, chujio likabadilishwa, na kabureta ikafunguliwa na kusafishwa. Katika boksi la chujio la hewa tulikuta kiota cha panya.

Pili, plagi zilitolewa, na kijiko kimoja cha oili kikatiwa katika kila silinda. Gari likaachwa hadi kesho yake, kisha mzee akaizungusha injini polepole kwa mkono, kwa spana. Lengo ni pistoni zisije zikakwaruza kuta kavu zenye kutu.

Tatu, oili na chujio lake vilibadilishwa, mabomba ya mpira ya maji yakabadilishwa, na rejeta ikasafishwa. Ukanda wa meno unaoendesha sehemu ya juu ya injini nao uliwekwa mpya, kwa sababu mpira huzeeka kwa miaka, hata kama gari halikutembea.

Nne, matairi yalikaguliwa umri. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu 4: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yaliandikwa 2311, yaani juma la 23 la mwaka 2011. Meno yake yalikuwa bado marefu, lakini mpira ulikuwa umepasuka nyufa. Tuliyaondoa yote.

Vigelegele na kanyagio

Siku ya tatu injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi wa ile oili tuliyoitia, kisha ikatulia na kunguruma sawasawa. Majirani walikuja, na wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji alikuwa na zamu jioni ile. Mpwa wangu akanijia akiwa na furaha tele: "Baba mdogo, leo mama hatatembea. Nitampeleka mimi."

Mimi nilikwisha kubali moyoni. Mzee hakujibu kitu. Alimwita kijana, akamketisha kwenye usukani, akamwambia akanyage breki. Kanyagio lilizama mpaka sakafuni. Akamwambia akanyage tena, likazama tena.

"Gari lisilowaka halimwui mtu, mwalimu," akaniambia. "Huua lile liwakalo, nalo haliwezi kusimama."

Akatueleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda za magurudumu, na mipira ya ndani hukauka na kuvujisha. Tulipozifungua breki za nyuma tulikuta silinda zote mbili zimelowa. Barabara ya Rumonge, kama ijulikanavyo, hujaa watembea kwa miguu na baiskeli wakati wa magharibi. Shemeji alisikia yote. Alichukua mkoba wake, akatoka kwenda kutafuta lori, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Kazi ya breki ilichukua siku 4 zaidi. Silinda, mipira, viatu vya breki na mafuta mapya vilitugharimu kuliko kazi yote ya injini. Tangu siku ile nimeelewa kwamba familia isiyo na fedha za breki haina fedha za kufufua gari, na afadhali ingoje.

Daftari lasema kweli

Gari likapita katika ukaguzi, likakatiwa bima, likaanza kazi. Lakini ulaji wake haukuturidhisha. Njia ya kuupima ni rahisi, na kila nyumba yaweza kuitumia: jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, tembea siku kadhaa, kisha jaza tena mpaka pale pale. Lita ulizoongeza zizidishe kwa 100, ugawanye kwa kilomita ulizokwenda. Sisi tulikwenda kilomita 250, tukaongeza lita 24. Maana yake ni lita 9.6 kwa kila kilomita 100.

Ndipo nilipolikumbuka daftari. Kwa miaka mingi kaka yangu alipata lita 6.8 au 6.9. Lakini katika kurasa za mwisho hesabu ilipanda ghafla hadi 8.1, wala haikushuka tena. Pembeni ya ukurasa ule aliandika kwamba gari lilikuwa limepelekwa karakana kwa kuchemsha maji, nalo sasa limepona.

Mzee alisoma, akacheka kidogo, akafungua kifuniko kimoja karibu na bomba la maji. Themostati haikuwamo. Hicho ni kilango kidogo kinachoyazuia maji yasizunguke hadi rejeta mpaka injini ipate joto lake. Baadhi ya mafundi hukiondoa wakidhani kwamba katika nchi za joto hakina kazi. Kumbe injini isiyo na kilango hicho huchelewa kupata joto, huunguza petroli vibaya, na huchakaa upesi. Aliyekiondoa hakuponya kitu, aliuficha ugonjwa. Chanzo cha kuchemka kilikuwa rejeta iliyoziba, ambayo sisi tulikwisha isafisha.

Tulitia themostati mpya, hesabu ikashuka hadi 8.4. Mzee akaendelea kutafuta. Choki ya kabureta ilikuwa ikikwama nusu imefungwa, hata injini ikanywa petroli nyingi mno. Breki ya mkono ilikuwa ikilishika gurudumu moja la nyuma, na ukigusa ringi yake baada ya safari ilikuwa ya moto kuliko ile ya upande wa pili. Matairi nayo yalikuwa na upepo pungufu ya kipimo kilichoandikwa mlangoni. Mambo haya matatu yaliporekebishwa, tulipata lita 7.1. Kwa gari la umri ule, mzee alisema, tusidai zaidi.

Mwendeshaji naye ana sehemu yake. Anayeondoka kwa pupa na kusimama kwa ghafla huichoma petroli bure. Injini ikiwaka katika foleni hula pasipo kwenda. Mizigo isiyo na kazi na itolewe kwenye buti. Lakini wale wateremkao milimani, kama kutoka Bugarama, wasithubutu kutoa gia ili wabane matumizi, kwa maana injini ndiyo isaidiayo kulizuia gari, nazo breki peke yake hupata moto zikakosa nguvu. Tena petroli isiwekwe katika madumu ndani ya nyumba: mvuke wake hutambaa sakafuni mpaka jikoni, na cheche moja yatosha.

Hesabu ya nyumba

Shemeji huenda kazini siku 20 kwa mwezi, yaani kilomita 800. Kwa ulaji wa kwanza angehitaji lita 76.8, na kwa ulaji wa sasa ni 56.8. Lita 20 zimeokolewa kila mwezi. Hata hivyo, mtu mmoja kutumia lita karibu 57 peke yake si uchumi. Kwa hiyo alikubaliana na majirani watatu wafanyao kazi mjini: wanakwenda pamoja, wanagawana petroli, na petroli ikiadimika wanapeana zamu ya kukaa foleni. Sehemu ya kila mmoja ni lita 14.2 kwa mwezi. Sijui gari jipya la bei ambayo watu kama sisi tungeimudu litakalomchukua mtu kwa petroli chache kuliko hiyo.

Si kila gari lastahili kazi hii. Ikiwa kutu imekula chuma cha chini kinachobeba mwili wa gari, ikiwa maji ya mafuriko yalifika kwenye viti, au ikiwa fundi amepima mgandamizo wa silinda akakuta moja imeanguka mbali na nyingine, mnunuzi wa vyuma chakavu apewe mali yake. Vilevile, kabla ya kununua kipuri cha kwanza, hati za gari ziwe kamili na kwa jina la mwenyewe. Kwetu jambo hilo lilichukua majuma matatu, kwa kuwa hati zilikuwa bado kwa jina la marehemu.

Siku hizi shemeji huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu za alfajiri. Mpwa wangu ndiye dereva, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, hukanyaga breki mara mbili mama yake akitazama. Daftari lile limerudi kisandukuni. Kurasa za kaka yangu ziliishia katikati, na mwanawe ameendelea kuandika kwenye mstari uliofuata.