KUPIGA PICHA ZA EROPLENI

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kazi ambayo wengi huidhani ni mchezo wa matajiri, nayo ni kupiga picha za eropleni zirukapo angani. Nasema eropleni, kama walivyosema wazee wetu, ili mtu asidhani kwamba nazungumza habari za kunguru na mwewe. Ingawa mwewe naye nitamtaja baadaye, kwa kuwa ana faida katika mafunzo haya.

Kwanza tukumbuke jambo la zamani. Mwezi wa Februari, mwaka 1920, marubani wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walitoka Uingereza kwenda Cape Town. Eropleni yao ya kwanza ilivunjika katika bonde la mto Nile. Wakapata ya pili, wakatua Kisumu, wakatua Tabora, kisha wakatua Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Hiyo nayo ikavunjika Bulawayo, nao wakafika Cape Town kwa eropleni ya tatu, tarehe 20 Machi. Sasa chukua ramani na rula, upige mstari ulionyoka kutoka Tabora hadi Mbala. Utaona kwamba mstari huo wapita karibu sana na mji wa Sumbawanga. Ikiwa marubani wale waliufuata, basi watu wa Ufipa waliisikia ngurumo ile juu ya mashamba yao ya ulezi, wakainua macho, nayo ikapita. Kitu kipitacho angani hakirudi nyuma kukungoja. Asiye na picha hubaki na masimulizi tu, na masimulizi hupungua kila mwenye kuyajua anapofariki.

Basi tuseme kijana mmoja wa Ufipa ameuza magunia yake ya mahindi, naye ataka kununua kamera ili apige picha za eropleni. Akienda dukani bila maarifa, atauziwa kitu king'aacho, arudi nyumbani, apige picha, na ndani yake aone doa jeusi dogo kama nzi katika mbingu nyeupe. Mahindi yamekwenda na picha hana. Neno langu la leo ni kwa ajili ya kijana huyo, nalo ni hili: picha njema hufanywa kwanza na macho na miguu, kisha na lenzi, na mwisho kabisa na kamera yenyewe. Fedha zifuate mpango huo huo.

Kwa nini eropleni huonekana ndogo katika picha? Kwa sababu iko mbali, na katika maonyesho iko mbali kwa amri. Tarehe 6 Septemba, mwaka 1952, katika maonyesho ya Farnborough, Uingereza, eropleni moja ya vita ilipasuka hewani, na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Watazamaji 29 walikufa, pamoja na watu wawili waliokuwa ndani. Tangu hapo sheria zilikazwa. Huko Uingereza jeti iliamriwa isikaribie watu chini ya mita 230 ikiruka moja kwa moja, wala chini ya mita 450 ikifanya michezo ya kupinduka. Kwa hiyo mpiga picha asinung'unike kwa kuwekwa mbali; umbali ule ni uhai wake.

Lakini umbali una hesabu yake, na mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Zidisha urefu wa eropleni kwa urefu wa lenzi, kisha gawanya kwa umbali. Jeti ya F-5E, ya aina inayotumiwa na Jeshi la Anga la Kenya, ina urefu wa mita 14 na nusu hivi. Ikiwa mita 450 mbele yako, lenzi ya milimita 50 itaichora kwa urefu wa milimita 1.6 tu. Lenzi ya milimita 300 itaichora kwa milimita 9.6, na lenzi ya milimita 400 kwa milimita 12.8. Ndani ya kamera za siku hizi mna bamba dogo lipokealo nuru badala ya filimu. Katika kamera kubwa bamba hilo lina upana wa milimita 36, na katika kamera nyingi za bei nafuu lina milimita 23 na nusu hivi. Hapa maskini amebahatika, maana milimita 9.6 ni robo na kidogo tu ya bamba kubwa, lakini ni zaidi ya theluthi ya bamba dogo. Kwa kazi hii, basi, kamera nafuu yenye bamba dogo si aibu hata kidogo.

Na simu ya mkononi je? Lenzi yake ya kawaida huona eneo pana, kama lenzi ya milimita 26 hivi katika kamera kubwa. Jeti ile itakuwa sehemu moja katika arobaini ya upana wa picha. Kwa hiyo simu usiielekeze kwenye mawingu. Itumie kupiga eropleni iliyosimama chini, pale panaporuhusiwa, au nyuso za watu wanaotazama juu, baada ya kuwaomba ruhusa. Picha hizo nazo zina thamani kubwa.

Jambo la pili ni shata, yaani kilango kidogo kifungukacho ndani ya kamera na kufungwa mara moja. Watu hudhani kwamba upesi zaidi ndiyo bora siku zote. Sivyo. Eropleni za rafadha, yaani zenye pangaboi, zina siri yao. Tuchukue mfano wa Dash 8 Q400, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwaka 2016. Wakati wa kuruka rafadha yake huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa nukta moja. Shata likifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya nukta, rafadha itakuwa imezunguka nyuzi 6 tu. Katika picha itaonekana imesimama kabisa, na mtazamaji atadhani injini imezimika na abiria wako hatarini. Lakini shata likifunguka kwa sehemu moja ya 125, rafadha huzunguka nyuzi 49, na kwa kuwa ina mapanga sita yaliyoachana kwa nyuzi 60, duara lake hukaribia kujaa. Hapo picha ina uhai.

Kwa hiyo shika kanuni hii: kwa eropleni za rafadha, anza na sehemu moja ya 250, kisha shuka hadi 125 mkono wako ukizoea. Kwa helikopta, ambayo panga lake kuu huzunguka polepole zaidi, shuka hata chini ya hapo. Kwa jeti, panda hadi sehemu moja ya elfu au zaidi. Kwa maana jeti yenye mwendo wa kilometa 500 kwa saa huenda karibu mita 14 katika sehemu moja ya kumi ya nukta, wala haina rafadha ya kuonyesha.

Mtu ataniuliza, 'Shata likifunguka polepole, je, eropleni yenyewe haitakuwa ukungu?' Itakuwa ukungu, usipoifuata. Na hapa ndipo miguu iingiapo kazini. Simama imara, miguu imeachana kidogo, viwiko vimebana mbavu. Ielekeze miguu upande ule ambao eropleni itakuwa wakati wa kubonyeza, wala si upande itokako. Geuza kiuno kuipokea ingali mbali, uifuate kwa mwendo wake, bonyeza huku ukiendelea kuifuata, na hata baada ya kubonyeza usikome ghafula. Mwindaji apigaye kwa mshale hajifunzi siku ya mawindo. Nawe usingoje siku ya maonyesho. Nenda kando ya barabara iendayo Tunduma, usimame mahali pa salama, uzifuate pikipiki na malori yapitayo. Yakizoeleka, mfuate mwewe azungukaye juu ya soko. Mwewe hana kiingilio, hana ratiba, na hageuki mahali unapotaka. Ukimpata yeye, eropleni ni nyepesi.

Jambo la tatu ni nuru. Kamera haina akili ya kibinadamu. Ikiona mbingu nyeupe hudhani kwamba nuru imezidi, ikaipunguza, na eropleni ikatoka nyeusi kama mkaa. Iambie iongeze nuru kwa kipimo kimoja, utazame picha, kisha urekebishe. Tena weka jua mgongoni mwako. Hapa Sumbawanga mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba liko upande wa kusini. Basi mahali palipokuwa pema katika kiangazi huenda pasifae wakati wa mvua. Saa njema ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, jua linapoangaza ubavu wa eropleni hata chini ya mabawa. Adhuhuri tumbo lake huwa na kivuli, na juu ya njia ya kurukia hewa ya moto hucheza kama maji, nayo huharibu picha hata kama lenzi ni ya thamani kubwa. Angalia pia upepo, kwa kuwa eropleni aghalabu hutua na kuruka ikiukabili. Mwenye kujua upepo watoka wapi hujua eropleni itatokea wapi.

Sasa tufike dukani. Kijana wetu na azigawe fedha zake mafungu matatu: mawili ya lenzi, moja la kamera. Lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300 yatosha kwa mwanzo. Kamera iliyokwisha kutumika si mbaya, lakini aikague kama mtu akaguavyo ng'ombe mnadani. Atazame ndani ya lenzi akiielekeza kwenye nuru. Akiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na asiinunue. Achukue kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia picha, apige picha kadhaa za kitu kiendacho, azikuze na kuzitazama kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, huko kukataa ni jibu. Anunue betri ya pili, maana baridi ya asubuhi katika Ufipa hudhoofisha betri. Mguu wa kamera wa vyuma vitatu asiununue kwa kazi hii, kwa kuwa humzuia kugeuka upesi. Wala asibadili lenzi penye upepo, kwa sababu ya vumbi.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa akosaye hapa aweza kupoteza kamera pamoja na uhuru wake. Viwanja vya ndege na kambi za jeshi ni mahali palindwapo kwa sheria. Usipige picha humo wala kando yake kabla ya kupata ruhusa ya wakuu wa mahali hapo. Nenda ofisini mchana, jitambulishe, sema wataka nini na kwa kazi gani, na ukikataliwa, shukuru uondoke. Usipande ua, wala usijifiche majanini. Ajifichaye hudhaniwa mwovu hata kama moyo wake ni safi. Siku za maonyesho ya wazi ni bora zaidi, kwa kuwa watu wamealikwa kutazama. Nairobi, mwezi wa Mei mwaka 2022, majeshi ya ulinzi ya Kenya yalifanya maonyesho ya namna hiyo katika Bustani ya Uhuru. Na mwaka 2016 eropleni za kale zenye mabawa mawili mawili zilitoka kisiwa cha Krete kwenda Cape Town, zikapita Kenya na Tanzania, kwa ukumbusho wa safari za angani za zamani.

Ukiisha kupata picha yako, usiiache ndani ya kamera tu. Ichapishe, na nyuma yake uandike tarehe, mahali, aina ya eropleni, na jina la aliyeipiga. Nakala moja uipeleke shuleni. Hatujui ni mambo gani tunayoyaona leo ambayo wajukuu wetu watauliza habari zake. Watakapouliza, kuwaonyesha picha ni bora kuliko kuwaambia, 'Ilipita, nasi tukaitazama.'