Fahamu: Kwa nini Afghanistan huwa mwenyeji Sharjah

Septemba 2024, Afghanistan iliikaribisha Afrika Kusini kwa mechi tatu za kriketi ya siku moja, ile ambayo kila timu hupata ova 50 za mipira sita. Mwenyeji alikuwa Afghanistan, lakini mechi zote zilichezwa Sharjah, Falme za Kiarabu. Kisa ni usalama: timu kubwa haziendi Kabul. Pakistan nayo ilihamia Falme za Kiarabu kwa miaka kadhaa baada ya basi la timu ya Sri Lanka kushambuliwa Lahore, Machi 2009.

Hata hivyo, Sharjah si ugenini kamili. Waafghani wanaofanya kazi Ghuba huja kuishangilia timu yao, na uwanja mkavu huwapendelea warushaji wao wa mipira ya kuzunguka. Afrika Kusini iliyaona hayo. Katika mechi ya kwanza wapigaji wake wote walitolewa kwa mikimbio 106 tu. Katika ya pili, mrushaji wa Afghanistan Rashid Khan, siku yake ya kuzaliwa, alichukua wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 19, na Afghanistan ikashinda kwa mikimbio 177. Mwisho ikawa 2-1, ushindi mkubwa kwa taifa lisiloweza kucheza kwao.

Lakini kuhama uwanja hakumalizi kila kitu. Mwaka 2023 Australia ilijitoa kwenye mechi kama hizo dhidi ya Afghanistan kupinga namna Taliban, inayoitawala nchi hiyo, inavyowabana wanawake na wasichana, na ilikuwa na haki. Wachezaji wengi wa kike wa Afghanistan walikimbilia Australia. Januari 2025 walicheza pamoja Melbourne.