Nani Apewe Nafasi ya Muuaji? Mchujo wa Waigizaji kama Somo la Uhakiki

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa aeleze sifa za mhusika katika tamthilia, mara nyingi huanzia mwisho. Akishajua kwamba fulani ndiye aliyeua, huandika kuwa ni katili na mnafiki, kisha hurudi nyuma kutafuta mifano. Jibu kama hilo huenda likapata alama, lakini limeruka jambo la msingi: katika onyesho la kwanza, mhusika huyo alikuwa nani machoni pa wenzake? Makala haya yanaeleza jinsi vikundi vya maigizo vya kijamii vinavyowachuja waigizaji wa tamthilia ya upelelezi, na namna mwalimu anavyoweza kuutumia utaratibu huo darasani.

Mchujo hufanywaje?

Waigizaji wa vikundi hivi kwa kawaida hawalipwi. Ni walimu, makarani, wauguzi na wastaafu wanaokutana jioni baada ya kazi. Tangazo hutolewa likitaja wahusika, umri wao na siku za mazoezi. Anayefika hujaza fomu, hupewa kurasa chache za mswada, kisha husoma na mwenzake mbele ya mwelekezi. Baadaye hubadilishana nafasi. Mwelekezi hatafuti sauti nzuri pekee. Huangalia pia kama msomaji anamsikiliza mwenzake, na kama anaweza kubadilika akiambiwa, "Hebu soma tena, lakini safari hii una jambo unaloficha."

Mfano wa kisiwa

Tuchukue tamthilia ya Agatha Christie, And Then There Were None, iliyotokana na riwaya yake ya mwaka 1939 na kuigizwa London mwaka 1943. Watu kumi wanajikuta katika nyumba moja kisiwani, nje ya pwani ya Devon, Uingereza. Miongoni mwao mna jaji mstaafu, daktari, jenerali, aliyekuwa afisa wa polisi, na mtumishi na mkewe. Mwenyeji wao haonekani. Mara sauti inasikika kutoka kwenye santuri, ikimtuhumu kila mmoja kwa kusababisha kifo. Kisha wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Kwa mchujo, hapo pana hazina. Kila mmoja anapaswa kujibu tuhuma, na kila mmoja hujibu kwa namna yake. Emily Brent, mwanamke mshika dini, haoni kwamba ana lolote la kujutia. Anthony Marston, kijana aliyewagonga watoto wawili kwa gari, anasikitikia usumbufu aliopata yeye mwenyewe. Philip Lombard, ambaye katika riwaya anatuhumiwa kuhusu vifo vya watu 21 wa Afrika Mashariki, hakatai. Msomaji wa huku kwetu hana budi kujiuliza: mbona vifo vya watu wengi hivyo vinatajwa kwa wepesi namna hiyo? Swali hilo ni la uhakiki, na huzuka mapema zaidi pale mtu anapolazimika kuyatamka maneno hayo kwa kinywa chake.

Muuaji hana uso wa muuaji

Miaka kadhaa iliyopita niliwaandaa wanafunzi kwa mchezo mfupi wa upelelezi. Nafasi ya muuaji nilimpa kijana mwenye sauti nzito na macho makali. Kabla ya onyesho la kwanza kumalizika, hadhira ilikuwa ikimnyoshea kidole. Taharuki ilikufa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefanya vilevile anavyofanya mtahiniwa anayeanzia mwisho.

Anayecheza muuaji hapaswi kuigiza uovu. Huigiza sababu ya mhusika kuwapo pale: kuwahudumia wageni, kutuliza hofu, kutafuta ukweli. Maneno yake sharti yabebe maana mbili, ili anayetazama mara ya kwanza aone wema, na anayetazama mara ya pili aone kinaya. Kwa upande mwingine, wasio na hatia nao wapewe jambo la kuficha, kama vile deni, aibu au mapenzi. Bila hivyo, mwenye siri atakuwa mmoja tu na fumbo litafumbuka lenyewe.

Siri na uwazi

Tamthilia nyingine ya Christie, The Mousetrap, ilianza kuigizwa London mwaka 1952. Ilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona na kurejea mwaka 2021. Kwa desturi, mwishoni hadhira huombwa isimtaje muuaji.

Linganisha na Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, haikuwa ya upelelezi. Mchujo na mazoezi yake vilifanywa hadharani, wanakijiji wakitazama na kukosoa. Wengi walikuwa wameujua mchezo kabla ya kufunguliwa, na bado watu walifurika hadi serikali ilipofuta kibali Novemba mwaka huo. Basi taharuki si kutojua mwisho tu. Mtu anaweza kuujua mwisho na bado akataka kuona ulifikiwaje.

Mtahiniwa yuko katika hali hiyo ya pili. Ameisoma tamthilia teule mara kadhaa na hana la kushtukia. Kazi yake ni kuonyesha jinsi mwandishi alivyotanguliza dalili, na kwa nini wahusika wengine hawakuziona.

Hitimisho

Mwalimu hahitaji jukwaa wala mavazi. Kurasa mbili na viti viwili vinatosha. Mwanafunzi aliyewahi kusoma maneno ya mhusika kwa nia mbili tofauti hataandika sifa bila kutaja ni wapi, mbele ya nani na kwa kusudi gani.

Zoezi

1. Chagua onyesho katika tamthilia teule ambapo mhusika anatuhumiwa. Wanafunzi wawili walisome mara mbili: kwanza mtuhumiwa akiwa mkweli, kisha akiwa anaficha jambo.
2. Wasikilizaji waandike maneno yaliyobadilika maana.
3. Kwa kutumia maneno hayo, fafanua kinaya katika onyesho hilo.