Vumbi la Kazini na Pumzi ya Mfanyakazi



Kahawa ya jirani zetu wa Uganda husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika baharini. Tunda lililokaushwa juani, ambalo wenyeji huliita kiboko, hukobolewa viwandani. Buni huchambuliwa na kutiwa katika magunia, kisha shehena kubwa huvuka mpaka wa Kenya na kupakiwa melini Mombasa. Biashara hiyo ina faida kwa nchi zote mbili. Lakini kila kituo cha safari hiyo kina vumbi lake, na penye vumbi pana mtu anayelivuta.

Vumbi la buni mbichi si uchafu wa kuudhi tu. Ni moja kati ya mamia ya vitu vinavyojulikana kuleta pumu ya kazini. Kali zaidi ni vumbi la mbarika, ambalo huweza kusalia katika magunia yanayotumiwa tena kubebea kahawa. Unga wa ngano nao umo. Mwaka 1700 daktari wa Kitaliani, Bernardino Ramazzini, alikwisha kuandika juu ya vifua vya wasagaji na waoka mikate, akawausia madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa afanya kazi gani.

Pumu hii huingia kwa hila. Kwa majuma, miezi, au hata miaka, mfanyakazi huvuta vumbi bila dhara lionekanalo, huku kinga ya mwili wake ikijifunza kulihesabu vumbi hilo kuwa ni adui. Ikishajifunza, chembe chache tu hutosha: misuli ya njia za hewa hukaza, kuta zake huvimba, makamasi huziba, na kifua hupiga miluzi. Mara nyingi shambulio huja usiku, saa kadhaa baada ya kazi. Ndiyo maana mgonjwa hulaumu baridi, wala hakumbuki ghala.

Basi swali la kujiuliza ni hili: je, kifua hupata nafuu siku za mapumziko na likizo, kikabana tena kazini? Akijibu ndiyo, na amweleze daktari bila kuchelewa. Akiondolewa mapema penye vumbi hilo, aweza kupona au kupata nafuu kubwa. Akiendelea kulivuta kwa miaka, pumu yaweza kubaki naye hata baada ya kuiacha kazi.

Uganda ilitunga sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Hizo ni ngao njema. Lakini hakuna sheria iwezayo kumlinda kibarua anayeficha kikohozi chake kwa hofu ya kupoteza mkate. Wala hana kosa yeye peke yake: kosa ni la msimamizi anayemfanya aogope kusema.

Ndugu askari, msidhani habari hii ni ya makuli na wakoboaji tu. Katika karakana za magari, rangi ya kupulizia yenye kigumishi huweza kuwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Fundi wa mitambo ya mawasiliano anayelehemu waya huvuta moshi wa ulimbo. Mpishi wa kambi hupepeta unga. Mtunza mbwa na farasi huishi na manyoya yao. Kinga ya kwanza ni kukiondoa kitu chenye madhara au kukifungia mahali pake. Ya pili ni kuivuta hewa chafu kwa mashine ielekee nje. Barakoa ifaayo ni ya mwisho.

Askari hufundishwa kuvumilia njaa, jua na usingizi. Uvumilivu huo ni sifa. Lakini pumzi haina uvumilivu: ikibanwa, imebanwa. Anayetoa taarifa ya kifua chake mapema hakukimbia lindo, bali amejihifadhi ili aweze kulirudia. Na mkuu anayempokea kwa kumsikiliza, badala ya kumcheka, amelinda nguvu ya kikosi chake.