Wanaolala Kibaha na Waje Mkutanoni

Saa kumi na moja alfajiri kituo cha Maili Moja, Kibaha, kimekwisha kujaa. Walimu, makarani, mafundi, wauguzi wa zamu ya asubuhi, wauza mitumba wa Kariakoo na wanafunzi wa vyuo wanagombea daladala za Mbezi na Kimara, wakaunganishe na mwendokasi hadi katikati ya jiji. Wenye magari yao wametangulia gizani ili kuikwepa foleni. Jioni msafara unageuka. Mtu anafika kwake saa mbili au saa tatu usiku, anakuta watoto wamelala, anakula, anaoga, naye anajinyoosha. Kesho ni yale yale.

Hivyo ndivyo zinavyoishi maelfu ya familia za Kibaha, mji ulio kilomita 40 hivi magharibi ya katikati ya Dar es Salaam na makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 128,488 katika Halmashauri ya Mji. Sensa ya 2022 ilikuta idadi hiyo imeongezeka zaidi ya mara mbili. Uzazi peke yake hauwezi kuujaza mji kwa kasi hiyo. Waliojaza ni wahamiaji, na wengi wao walitoka jijini wakifuata kiwanja ambacho mshahara wao unakimudu.

Wahamiaji hao wamejenga nyumba nzuri, wamechimba visima, wamepanda miti na kuleta wateja kwenye magenge. Lakini katika mitaa mingi hawaonekani pale mambo ya mtaa yanapoamuliwa. Mji unakua kwa nyumba, huku idadi ya watu wanaousemea ikibaki pale pale. Hilo ndilo tatizo kubwa la Kibaha leo, na ndilo linalozaa mengi ya yale tunayoyalalamikia kila siku: vichochoro visivyopitika, viwanja vya michezo vilivyotoweka, takataka kwenye mifereji, na maji yanayotoka kwa siku za bahati.

Ni vizuri kukumbuka kwamba Kibaha haikuzaliwa kuwa kitanda cha Dar es Salaam. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tangu uhuru, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilisaidia kuanzisha hapa mradi mkubwa uliojulikana kama Tanganyika Nordic Project. Shabaha yake ilikuwa kupambana na maadui watatu waliotajwa na Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Ndiyo maana mahali pamoja palijengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kuwafundisha wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na Shirika la Elimu Kibaha likazaliwa. Shule ya Sekondari Kibaha imewatoa wataalamu na viongozi ambao nchi nzima inawajua. Kile kituo cha afya ndicho mzizi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, ambayo imeokoa maisha ya majeruhi wengi wa ajali za Barabara ya Morogoro.

Kwa hiyo mji huu una asili yake na sababu yake ya kuwapo. Ulianza kama mahali pa kujifunza, kutibiwa na kulima kwa maarifa. Wazaramo na Wakwere wa maeneo haya walikuwa na mashamba ya mihogo, miembe na mikorosho kabla lami haijaleta madalali. Anayehamia Kibaha leo anaingia katika mji wenye wenyewe, wenye makaburi ya wazee na mipaka inayojulikana kwa majina ya miti.

Mashamba hayo ndiyo yaliyokatwa vipande. Utaratibu unajulikana. Mwenye shamba anauza nusu eka kwa sababu ya ada, ugonjwa au mahari. Dalali anaigawa mara nne. Kila mnunuzi anataka eneo lake litimie, kwa hiyo njia inayoachwa inatosha bodaboda tu. Baada ya miaka 5 kuna nyumba 30, nyingine mapagala, kuta zimepanda, na gari la zimamoto haliwezi kuingia hata dereva akiwa hodari namna gani. Boza la maji linasimama barabarani na watu wanavuta mpira wa mita mia. Mgonjwa anabebwa kwa mikono hadi lilipo gari. Bomba likija, halina pa kupita ila chini ya uzio wa mtu, na mtu huyo hakubali.

Hapo ndipo kazi ya urasimishaji wa makazi inapoanza, nayo ni ngumu kuliko ambavyo ingekuwa kama watu wangekubaliana mapema. Wapimaji wakija, kila kaya inatakiwa kuchangia gharama na kumega kipande cha ardhi ili barabara ipatikane. Makubaliano ya namna hiyo hayapatikani ofisini kwa mpimaji. Yanapatikana kwenye kikao ambacho majirani wamekaa uso kwa uso, kila mmoja akaona kwamba mwenzake naye anatoa. Mtaa ambao watu wake hawajawahi kukaa pamoja huchukua miaka mingi katika hatua hiyo moja, na wakati mwingine huishia mahakamani.

Maji nayo yana somo lake. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, jirani kabisa, na maji yake husafiri kupita Kibaha kwenda kuwanywesha wakazi wa jiji. Mwishoni mwa 2022 ukame ulipoupunguza Mto Ruvu, mgao uliwabana watu wa Dar es Salaam na wa Pwani kwa pamoja. Wakazi wa mitaa isiyo na mtandao wa mabomba wao wako kwenye mgao mwaka mzima. Mtaa wenye orodha ya kaya zinazohitaji maji, ramani ya njia zilizo wazi na muhtasari wa kikao uliosainiwa, unapokwenda DAWASA, mamlaka ya maji, unakwenda na hoja. Mtu mmoja mmoja akipiga simu, anapewa pole.

Mtaa ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini. Una mwenyekiti na wajumbe wa kamati wanaochaguliwa na wakazi. Mara ya mwisho walichaguliwa Novemba 27, 2024. Una mtendaji anayeajiriwa na halmashauri. Juu yao wote, kwa maana halisi ya neno hilo, uko mkutano wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Humo husomwa mapato na matumizi, hupangwa ulinzi shirikishi na utaratibu wa taka, hujadiliwa migogoro ya mipaka, na hutajwa vipaumbele vinavyopanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na hatimaye baraza la madiwani. Kaya maskini zinazonufaika na mpango wa TASAF zilianza kutambuliwa katika mikutano ya jamii kama hiyo. Mwaka 2022, wakati wa kazi ya anwani za makazi, ngazi ya mtaa ndiyo iliyobeba mzigo wa kuzipa majina barabara ambazo hazikuwa nayo. Leo kuna watu wanaoishi katika barabara yenye jina ambalo hawajui lilipendekezwa na nani, kwa sababu siku hiyo hawakuwapo.

Nchi yetu imewahi kuonja hali ya kukosa chombo hiki. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na shughuli zake zikawekwa chini ya utaratibu wa madaraka mikoani. Huduma za mijini zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Sheria mpya zikatungwa 1982, na mfumo mzima ukaanza tena kazi 1984. Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kuwapelekea wananchi madaraka. Madaraka hayo yameshaletwa hadi mlangoni. Yanasubiri mtu wa kuyapokea.

Mbona basi wahamiaji hawaji? Sababu zao zina uzito. Mikutano mingi huitwa siku za kazi, asubuhi au mchana, saa ambazo mtu yuko Posta au Kariakoo. Tangazo hupita kwa kipaza sauti wakati nyumbani yuko dada wa kazi peke yake. Mjumbe akibisha hodi, anapokelewa kwa heshima zote: shikamoo mzee, baba na mama bado hawajarudi kutoka kazini. Anashukuru na kwenda nyumba ya pili, anakojibiwa vile vile. Wengine walihudhuria mara moja, wakasikia michango bila kusikia hesabu, hawakurudi tena. Wengine bado wanahesabu kwao ni kule walikotoka. Wanajisikia wapita njia hata baada ya kuishi hapa miaka 10.

Wenyeji nao wana lao moyoni. Waliuza ardhi kwa bei ya shida, wakaona kuta zikipanda na mageti yakifungwa. Wanaona mtu mwenye gari hajui jina la jirani anayelinda nyumba yake mchana kutwa kwa macho tu. Wanamwona siku anapotaka barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, au siku amefiwa.

Msiba, kwa hakika, ndiyo shule bora ya ujirani tuliyonayo. Mtu akifiwa usiku, ndugu wa jijini wako mbali na foleni haina huruma. Wanaofika kwanza ni akina mama wa mtaa wenye khanga na masufuria, vijana wa bodaboda wanaokwenda kutafuta turubai na viti, na wazee wanaojua nani azungumze na mtendaji na nani ashughulikie kaburi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu hao hao ndio wanaobaki mtaani mchana, ndio wanaohudhuria mikutano, na ndio ambao kwa miaka mingi wameubeba mji huu bila kushukuriwa. Wanastahili wenzao wa kuwasaidia mzigo.

Na wenzao hao wana mengi ya kutoa. Katika mtaa mmoja tu wa Kibaha unaweza kumpata mhasibu, mhandisi wa maji, mpimaji ardhi, mwanasheria, mwalimu na muuguzi, wote wakiupa ujuzi wao jiji na kurudi nyumbani kulala. Mhasibu akikaa kwenye kamati kwa saa mbili kwa mwezi, mapato na matumizi yatasomeka. Mpimaji akiwaeleza majirani zake upana unaohitajika kwa bomba, nguzo na gari la wagonjwa, uzio unaofuata utajengwa mahali pake. Mwanasheria akikisaidia kikundi cha vijana kuandika katiba yake, kikundi hicho kitaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2.

Wenyeviti na watendaji nao wana wajibu wa kuwafungulia mlango. Mkutano uitwe Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka ibadani na wafanyakazi wengi wako nyumbani. Tangazo litoke wiki mbili kabla, libandikwe ofisini na litumwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa pamoja na ajenda. Hesabu zibandikwe ukutani hata kama hakuna aliyeziuliza. Muhtasari wa kikao kilichopita usomwe, na kila azimio lielezwe limefikia wapi. Halmashauri kwa upande wake iyajibu maazimio ya mitaa kwa maandishi, hata jibu likiwa la kukataa, na iyalinde maeneo ya wazi kwa mabango na mipaka iliyopimwa. Mwananchi akiona kwamba neno lake limefika mahali, atarudi kikao kijacho akiwa na jirani yake.

Haya yana haraka, kwa sababu Kibaha inaingia katika zama nyingine. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ikiwa na kituo cha Soga katika wilaya hii ya Kibaha, na Kwala pamejengwa bandari kavu. Viwanda vya Pwani vinaongezeka. Watu wengine wengi watakuja, na ardhi iliyobaki wazi itatafutwa kwa fedha kubwa kuliko za leo. Mtaa uliojipanga utapata shule, soko na barabara katika mabadiliko hayo. Mtaa usiojipanga utapangiwa na dalali.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo mkazi wa Kibaha anayesoma ukurasa huu Jumamosi akiwa nyumbani ana kazi ndogo ya kufanya leo: aende ofisi ya mtaa wake, ajitambulishe kwa mwenyekiti, aulize mkutano ujao ni lini, na kama saa yake haiwafai wanaofanya kazi jijini, aombe ibadilishwe. Siku ikifika aende na jirani wa ng'ambo ya ukuta, akae, asikilize kwanza, kisha aombe nafasi ya kusema.