Finland: Wimbo wa mchezo wa video uliolifungulia mlango kundi la roki lisilojulikana

Kunako mwaka 2003, kundi la Poets of the Fall la mjini Helsinki halikuwa na albamu hata moja sokoni. Lakini wimbo wake ulianza kusikika mbali na Finland, tena bila kupitia redio wala televisheni. Ulipitia ndani ya mchezo wa video. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, wanamuziki hao wangali jukwaani, na wangali wanatunga nyimbo kwa ajili ya kampuni ileile ya michezo.

Yote yalianza na urafiki. Marko Saaresto, mwimbaji wa kundi hilo, ni rafiki wa Sam Lake, mwandishi wa hadithi katika kampuni ya Remedy yenye makao yake Espoo, mji ulio jirani na Helsinki. Wakati huo Lake alikuwa akiandika Max Payne 2, hadithi ya askari polisi wa New York aliyeuawiwa mke na mtoto, na ambaye sasa anampenda mwanamke anayeua watu kwa malipo. Lake alikuwa na shairi alilolitunga mwenyewe. Alimkabidhi rafiki yake na kumuomba aligeuze kuwa wimbo.

Saaresto alishirikiana na Olli Tukiainen, mpiga gitaa, na Markus Kaarlonen, mpiga kinanda. Matunda ya kazi yao yakawa Late Goodbye, wimbo wa roki wa taratibu unaozungumzia kuagana kulikochelewa.

Mchezo huo ulitoka mwezi wa Oktoba 2003. Remedy haikuuweka wimbo mwishoni tu, pale majina ya watengenezaji yanapopita kwenye kioo. Katikati ya hadithi mchezaji anakutana na watu wanaouimba ama kuupiga, akiwemo mfanya usafi anayeuimba huku akisikiliza muziki masikioni. Mchezaji anapofika mwisho, wimbo huo amekwisha kuuzoea kama wimbo wa mtaani kwake.

Kusimama kwa miguu yao

Kwa wanamuziki wapya, shida kubwa si kutunga tu. Ni kusikika. Kampuni kubwa za muziki ndizo zenye pesa za matangazo, na asiyekuwa nazo hubaki akiimbia nyumbani. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Shairi la Lake liliwapa vijana hao wasikilizaji ambao pesa zao zisingeweza kuwafikia.

Mwaka 2004 Late Goodbye ilitolewa kama wimbo wao wa kwanza. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yao ya kwanza, Signs of Life, iliyoshika nafasi ya kwanza nchini Finland. Waliitoa kupitia Insomniac, kampuni yao wenyewe, na hivyo kazi yao ikabaki mikononi mwao.

Wazee wawili wa roki

Mwaka 2010 urafiki huo ulizaa jambo lingine. Katika mchezo wa Alan Wake, hadithi ya mwandishi anayemtafuta mke wake aliyetoweka, Remedy ilibuni kundi la roki liitwalo Old Gods of Asgard. Viongozi wake ni ndugu wawili wazee, Tor na Odin Anderson, ambao enzi zao zimepita. Nyimbo za kundi hilo la kubuni hupigwa na Poets of the Fall.

Humo wimbo una kazi ya kufanya. Maneno ya The Poet and the Muse yanamuelekeza mwandishi huyo kwa mtu anayepaswa kumtafuta ili apate msaada. Asiyesikiliza wimbo anapitwa na sehemu ya hadithi.

Mwezi wa Oktoba 2023, Alan Wake 2 ilikwenda mbali zaidi. Wimbo wake Herald of Darkness unasimulia maisha ya mwandishi huyo tangu utoto, huku mchezaji akipita kati ya majukwaa na kupigana na maadui. Mwezi wa Desemba mwaka huo, wimbo huo ulipigwa mbele ya watu mjini Los Angeles, katika sherehe za tuzo za The Game Awards. Lake mwenyewe alipanda jukwaani akacheza dansi. Usiku huo mchezo wao ulipata tuzo tatu, ikiwemo ya usimulizi bora wa hadithi.

Kiswahili nacho kilipitia mlango huo. Baba Yetu, wimbo wa kwaya wa Mmarekani Christopher Tin wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitungwa kwa ajili ya mchezo Civilization IV wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy.

Kwa Poets of the Fall, wachezaji wengi waliwajua kwanza kwa jina la kundi ambalo halipo. Wanaowashangilia wazee Tor na Odin wanasikia sauti ya Saaresto, yule aliyepokea shairi la rafiki yake wakati kundi lake halijulikani.